Sikio Kwanza: Wosia kwa Mjukuu Wangu Mbeyu

Rabai, Kilifi

Mjukuu wangu Mbeyu,

 Mimi sijambo, kwa kiasi cha mtu wa miaka 76. Magoti yanalalamika, jicho la kushoto limeingia ukungu, lakini masikio, namshukuru Mungu, ni yale yale. Jana usiku nilisikia makuti ya mnazi ulio nyuma ya jiko yakikwaruza bati upande yasiouzoea, nikajua upepo umegeuka na kusi inaingia. Sikuhitaji kutoka nje kuangalia.

Shangazi yako amenieleza yote. Kwamba uko Gredi ya 9 na mmetakiwa kuchagua mkondo wa masomo ya sekondari ya juu. Kwamba mikondo ni mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati; Sayansi za Jamii; na Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kwamba wewe ulichagua huo wa tatu kwa ajili ya muziki, na babako akasema hakulipa karo miaka yote hiyo ili mtoto wake akapige ngoma harusini. Kwamba ulilia, ukala chakula chumbani, na sasa nyumba imenuna.

Sikuandikii kukuchochea dhidi ya babako. Ukimaliza kusoma, mpe naye asome, maana kuna sehemu ni yake zaidi kuliko yako. Nakuandikia wosia, kwa sababu mtu akiona jua limeelekea magharibi huanza kuanua vitu vyake kambani mapema, asingoje giza. Mwana Kupona alipougua, mwaka 1858, alimwachia bintiye utenzi mzima. Mimi si malenga. Nakuachia barua hii na vitu vitatu vilivyo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda changu: chuma, daftari na kayamba. Kila kimoja kina neno lake.

Chuma

Utakikuta kimefungwa kwa kipande cha kanga. Ni chuma kidogo chenye ncha mbili kama uma. Nilikinunua Nairobi mwaka 1973 kwa mshahara wangu wa kwanza wa ualimu, nikarudi nyumbani bila viatu vipya, na mamangu akanisema wiki nzima. Kigonge gotini, halafu kisimamishe juu ya meza ya mbao. Meza nzima itaimba. Sauti hiyo ni mitikisiko 440 kwa sekunde, na itakuwa hiyo hiyo uwe na furaha au uwe umenuna. Kwa miaka 32 niliyofundisha, kwaya zangu zote zilianzia hapo: chuma kwanza, kimya kidogo, kisha sauti.

Nataka ukielewe hicho kimya. Hapo ndipo mwanafunzi wa muziki anapofundwa.

Nilipokuwa msichana wa rika lako nilipangwa sauti ya pili. Wa sauti ya kwanza ndio wenye wimbo, kila mtu anaujua. Wa besi wana ngurumo, watu wanawaogopa. Sisi wa pili tuliachiwa noti ambayo ukienda kuifanyia mazoezi nyumbani peke yako, mamako anakuuliza kama tumbo linakuuma. Mwalimu wetu alikuwa na usemi mmoja tu: shika yako, sikia yao. Ukiziba masikio ili usipotezwe na wenzako, utashika yako lakini baada ya muda utakuwa umeteremka, uko peke yako kisimani. Ukiwasikiliza kupita kiasi, utashtukia umehamia sauti ya kwanza bila kujua ulivuka lini. Kazi ni kufanya yote mawili kwa pumzi moja.

Mbeyu, nimeishi miaka mingi na sijaona ujuzi unaohitajika mahali pengi kuliko huo. Nimekaa kwenye vikao vya shule, vya kanisa, vya mahari na vya mashamba. Wanaoshika yao bila kusikia wengine huvunja kikao. Wanaosikia wengine hadi kupoteza yao huenda nyumbani wakinung'unika. Wachache wanaoweza yote mawili ndio wanaofungua mlango. Hakuna somo lingine shuleni lililonifunza hilo kwa vitendo, kila siku, nikiwa nimesimama begani mwa mwenzangu.

Utaambiwa muziki ni mchezo. Mwambie anayesema hivyo aangalie jinsi tulivyokuwa tukitahiniwa kidato cha nne. Kulikuwa na karatasi tatu. Moja ni ya kupiga ala au kuimba mbele ya mtahini, pamoja na kusoma papo kwa hapo kipande ambacho hujawahi kukiona. Nyingine ni ya kuandika: historia, uchambuzi, kanuni. Na moja ni ya kusikiliza tu. Sauti inatoka kwenye spika, unaandika ulichosikia, na ikishapita imepita. Niambie ni somo gani jingine linalompima mtoto kama anasikia.

Yupo fundi wa magari Kongowea niliyemfundisha miaka ya 80. Siku moja gari la mchungaji wetu lilikuwa likikoroma, mafundi wawili wameshabadilisha vipuri vya bure. Yeye alisema liwashwe, akainamisha kichwa kama alivyokuwa akifanya kwenye mstari wa sauti ya tatu, akatuomba tunyamaze. Kisha akasema, "Mwalimu, kuna pigo moja linachelewa." Akalipata. Hakuimba tena tangu amalize shule, lakini sikio alilopewa darasani ndilo linalomlisha.

Wala si huyo tu. Babako anataka uwe daktari. Basi mwambie habari za René Laennec. Huyu alikuwa tabibu Paris, na pia mpiga filimbi aliyechonga filimbi zake mwenyewe kwa mbao. Mwaka 1816 alikunja karatasi ikawa kama bomba, akaiweka kifuani mwa mgonjwa, akasikia moyo wazi kuliko alivyowahi kuusikia. Baadaye alichonga bomba la mbao. Kile kipimo kinachoning'inia shingoni mwa kila daktari wa hospitali ya Kilifi kilitoka mikononi mwa mtu aliyezoea bomba la mbao na sauti ipitayo ndani yake. Sikuambii muziki ulimpa udaktari. Nakuambia haukumzuia.

Jambo la pili la chuma ni subira. Kipande kigumu hakishindwi kwa kukikimbilia. Unakikata mapigo manne manne, unakiimba polepole kama mzee anayevuka barabara ya Mazeras, mara ishirini, halafu unaongeza mwendo kidogo. Ukikosea, unarudi pale pale ulipokosea, si mwanzo wa wimbo. Watoto wengi hurudi mwanzo kwa sababu mwanzo wanaujua na unawapa raha. Hivyo ndivyo watu wanavyoishi pia: wanarudia wanachokijua, wanakwepa walipokwama. Ukijifunza kurudi pale pale kwenye mapigo manne yanayokusumbua, hata hesabu zitakunyenyekea.

La tatu ni kuvumilia kusahihishwa hadharani. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, na hadi leo shule zinapanda ngazi hadi za taifa. Pale mwamuzi haandiki maksi peke yake. Husimama akasema mbele ya ukumbi uliojaa kwamba sauti ya pili ilishuka, kwamba maneno hayakusikika, kwamba kiongozi aliharakisha. Unasimama unasikia. Halafu unapanda basi la shule, unakula mkate wako, na mwaka unaofuata unarudi. Kijana aliyepitia hayo mara tatu hatatetemeka mbele ya jopo la kumhoji kazini.

Daftari

Ni daftari la jalada jeusi, limejaa do, re, mi, fa na mistari ya kalamu ya risasi. Usilitupe kwa kuwa limechakaa. Solfa hiyo ilienezwa Uingereza karne ya 19 na mchungaji John Curwen, ambaye aliijenga juu ya kazi ya mwalimu wa kike, Sarah Glover, ili hata watoto wasio na piano nyumbani waweze kusoma muziki. Wamisionari wakaileta Afrika. Sisi hapa Rabai tuliisoma ubaoni kwa chaki kabla hatujaona kinanda.

Kule Afrika Kusini mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, Enoch Sontonga, alitunga wimbo mwaka 1897 na kuuandika kwa solfa hiyo hiyo, kwa ajili ya wanafunzi wake. Leo sauti yake ni wimbo wa taifa wa Tanzania, wa Zambia, na ni sehemu ya ule wa Afrika Kusini. Alikufa mwaka 1905 akiwa bado kijana. Kaburi lake lilisahaulika miaka mingi, hata likatafutwa, na mwaka 1996 likatangazwa kuwa ukumbusho wa taifa. Nakutajia mambo yote mawili makusudi: wimbo uliofika mbali, na kaburi lililosahaulika. Kazi hii ina yote mawili.

Na wimbo wetu wenyewe wa Kenya? Mwaka 1963 iliundwa tume ya watu watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Walichukua wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo wa Mto Tana wakaufanyia kazi hadi ukawa ule tunaousimamia wima. Fikiria, Mbeyu. Mama wa Kipokomo alikuwa akimlaza mtoto, na leo wanajeshi wanapiga saluti kwa sauti hiyo. Lakini haikufika huko yenyewe. Ilihitaji watu waliosoma muziki, waliojua kuiandika, kuipangia sauti nne, kuipa bendi. Omondi baadaye alikuwa msomi mkubwa, akatafiti thum, kinanda cha nyuzi cha Waluo, na ndiye aliyeongoza tume ya rais kuhusu muziki iliyotoa ripoti yake mwaka 1984.

Sasa tuje kwenye swali la babako: atakula nini?

Swali lake ni la haki, usilinunie. Kosa lake ni moja, nalo ni la watu wengi: akisikia muziki anaona jukwaa. Jukwaa ni sebule ya nyumba hii. Wageni wote wanaingia hapo, wanadhani ndiyo nyumba yenyewe. Ngoja nikuzungushe vyumba vya nyuma.

Chumba cha kwanza ni ualimu, nilichoishi mimi. Hakitajirishi, lakini kilinijengea nyumba hii ya mawe na kumsomesha babako. Chumba cha pili ni bendi za serikali: jeshi, polisi, magereza, Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS). Unaposikia tarumbeta sikukuu ya Madaraka, wale ni waajiriwa wenye mshahara na pensheni, na wanasoma noti kama wewe unavyosoma gazeti.

Chumba cha tatu ni cha mafundi wa sauti, na hiki nataka ukitazame vizuri maana ndicho kinachopanuka. Kila kanisa kubwa, kila msikiti wenye vipaza sauti, kila redio, kila ukumbi wa mikutano, kila mazishi ya mtu mwenye jina, kuna kijana amekaa nyuma ya mtambo wa kuchanganya sauti. Wengi wao hawakusoma, wanaongeza tu. Ndiyo maana maikrofoni zinapiga mbinja na mahubiri yanakuwa radi. Mwenye sikio akikaa hapo, watu hawajui kuna mtu amekaa, na hiyo ndiyo sifa yake. Humo humo ndimo waliomo maprodyusa wa studio, watunzi wa muziki wa matangazo na wa filamu. Ayub Ogada alipiga nyatiti, ala ya nyuzi nane ya nyumbani kwao, na wimbo wake "Kothbiro" ukasikika katika filamu The Constant Gardener ya mwaka 2005. Mtu wa Brazil aliyekuwa hajui Nyanza iko wapi aliisikia nyatiti akiwa amekaa sinema.

Chumba cha nne ni cha makaratasi: sheria ya hakimiliki, usimamizi wa wasanii, ukusanyaji wa mirabaha, utangazaji, uandishi. Chumba cha tano ni cha mafundi wa ala, wanaotengeneza gita, kinanda na udi. Nenda Mombasa uulize ni wangapi wanaojua kukaza nyuzi za piano ikasema kweli. Utahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na watu wanawangoja kwa foleni. Chumba cha sita ni cha watafiti na wahifadhi, wanaozunguka na vinasa sauti kabla wazee hawajaondoka na nyimbo zao. Cha saba nitakitaja nikifika kwenye kayamba.

Lakini sikiliza na upande wa pili, maana wosia usiosema ukweli ni hadaa. Pesa ya muziki huja kama mvua ya Pwani: mwezi mzima hakuna, kisha inakuja yote usiku mmoja. Kwa hiyo, kwanza, usiingie na ujuzi mmoja. Soma muziki pamoja na jingine: fizikia kwa mwenye kutaka sauti, biashara kwa mwenye kutaka usimamizi, lugha kwa mwenye kutaka kutunga. Pili, usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Sheria ya Kenya inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, lakini inamlinda anayeweza kuonyesha kwamba kazi ni yake. "Malaika" umeimbwa na Miriam Makeba, umeimbwa na Boney M, unaimbwa kila hoteli kuanzia Diani hadi Malindi. Fadhili William aliurekodi, na wapo wanaosisitiza kwamba mtunzi wake ni Adam Salim wa Tanzania. Wimbo ulizunguka dunia, ugomvi ukabaki nyumbani. Basi kila utakachotunga, andika jina, andika tarehe, weka nakala.

Hili la mwisho nalisema kwa uchungu. Mwaka mmoja nilipangia kwaya wimbo wa harusi wa Kigiriama, usiku kwa usiku, sauti nne. Tukashinda nao. Miaka michache baadaye nikausikia redioni, umerekodiwa na watu wengine, kila sauti kama nilivyoipanga, hata kosa dogo nililoliacha kwa sauti ya tatu likiwamo. Sikuwa na karatasi yoyote yenye jina langu. Nilizima redio nikaendelea kuchagua mchele.

Kayamba

Hii ilikuwa ya babu yangu. Vijiti vyake vimekauka lakini mbegu ndani bado nzima, itikise uone. Kwa miaka mingi niliificha. Sisi watoto wa misheni tulifundishwa kwamba kayamba ni ya mapepo, kwa sababu wazee waliitumia kumpungia mgonjwa usiku kucha. Nilikuwa na miaka zaidi ya 40 nilipoona kwamba wazungu wana kazi inayoitwa tiba ya muziki, inasomewa chuo kikuu, na watu wanalipwa kukaa na mgonjwa wa akili, au mtoto asiyesema, au mzee aliyepoteza kumbukumbu, na kumrudisha taratibu kwa mdundo na wimbo. Sikuambii ni kitu kimoja. Nakuambia babu yangu asingeshangaa. Hicho ndicho chumba cha saba, na huku kwetu bado kina nafasi tele kuliko watu.

Kwa hiyo ukienda kusoma muziki, usiende kama mtu asiye na kwao. Jifunze violini ukipenda, soma Bach, hakuna ubaya. Lakini uijue pia chivoti ya Wadigo, sengenya, chakacha ya Mombasa, taarabu. Siti binti Saad wa Zanzibar alipopelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi, alibeba Kiswahili na hadithi za mtaani kwake, na ndicho watu walichokinunua. Mwenye vyake hukopeshwa. Asiye na kitu huombaomba.

Sehemu ya babako

Sasa Mbeyu, simama kidogo. Kama babako yuko karibu, mwite.

Mwaka 1987 nilikuwa nikifundisha shule moja ya msingi. Muziki ulikuwa somo kamili chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza miaka miwili nyuma, na mimi nilikuwa na kiburi cha ushindi. Tulikuwa tumefika ngazi ya mkoa. Kwaya ilikuwa na watoto arobaini, na mmoja wao, mvulana wa miaka kumi na moja, alikuwa akiimba kwa nguvu zote, akitabasamu, chini kidogo ya noti. Kila mara chini kidogo. Nilimsogeza nyuma. Bado nilimsikia. Siku mbili kabla ya tamasha nilimwita pembeni nikamwambia, "Wewe kesho kutwa fungua mdomo tu. Usitoe sauti."

Alifanya hivyo. Alisimama mstari wa nyuma, amevaa soksi nilizozifua kwa mkono wangu, akafungua mdomo na kuufunga kila neno mahali pake. Tulishika nafasi ya pili. Nilimnunulia soda.

Mvulana huyo ni babako.

Hajaimba tangu siku hiyo. Nimekaa nyuma yake kanisani miaka mingi. Anashika kitabu cha nyimbo, amekifungua ukurasa sahihi, na midomo yake inacheza. Sauti haitoki. Mwenye kovu usidhani kapoa. Anaposema muziki ni upuuzi, mimi nasikia mtoto wa miaka kumi na moja akirudisha alichopewa.

Nilichojifunza nikiwa nimechelewa ni hiki. Watoto wasio na sikio kabisa ni wachache mno. Wengi wa wanaoimba chini ya noti hawajaipata bado sauti yao ya kuimbia, kama mtoto aliyechelewa kutembea. Mwalimu mvivu humpigia noti yake na kumwambia, "Ifuate." Mwalimu anayejua kazi hufanya kinyume: anamwacha mtoto atoe sauti yoyote, anaisikiliza, anaitafuta, anaiimba yeye pamoja na mtoto hadi zigusane. Mtoto akihisi zile sauti mbili zimekuwa moja, macho yake hubadilika. Hapo ndipo unapompandisha, hatua moja, kisha nyingine. Nilikuwa na chuma mkononi, nilikuwa na cheti ukutani, na mwanangu mwenyewe sikumsikiliza. Nilisikia kosa lake, yeye sikumsikia.

Mwanangu, nisamehe. Nimekuomba msamaha kwa mambo mengi madogo ili nikwepe hili kubwa.

Baadaye, mtaala ulipobadilishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, muziki ukaondolewa kwenye mtihani wa darasa la nane. Kisichotahiniwa hakifundishwi. Mwalimu mkuu mmoja aligeuza chumba changu cha muziki kuwa stoo ya saruji. Nililalamika sana. Lakini nikiwa mkweli, ule mlango wa chumba cha muziki nilianza kuufunga mimi, kwa mtoto mmoja, miaka mingi kabla ya saruji.

Mambo ninayokuachia

Mbeyu, nakuusia haya. Ukichagua muziki, uchague kwa kuwa unataka kusikia, usiuchague kwa kuwa unataka kusikika. Kusikika kutakuja au hakutakuja. Ukichagua mkondo mwingine kwa kumheshimu babako, usiache kwaya. Hakuna udaktari wala uhandisi utakaoharibika kwa saa mbili za mazoezi Jumamosi. Usilale na deni la mapigo manne uliyoyakwepa. Usimdharau wa sauti ya pili. Soma mkataba hadi nukta ya mwisho. Na ukiwa mwalimu, au kiongozi wa kwaya, au mama wa mtoto, usimwambie mtu yeyote, kwa sababu yoyote ile, afungue mdomo bila sauti.

La mwisho ni kazi, nataka uifanye kabla hujajaza fomu hiyo. Chukua chuma, ukigonge gotini, ukisimamishe juu ya meza ya kulia. Babako atakuwa amekaa na chai yake. Usimwambie aimbe. Mwombe tu atoe sauti moja, yoyote, hata ya kukoroma, huku amefumba mdomo. Atakataa. Ngoja. Mara ya pili au ya tatu ataitoa, chini ya chuma, najua itakuwa chini. Achana na chuma hapo. Itafute sauti yake ilipo, ishike pamoja naye, ukae nayo hadi uhisi meza inatulia.

Kisha umpandishe hatua moja.

Mimi hawe wako, bibi yako anayekupenda.